Kalemie: Kabla ya kupanda miti, vijiji vinahitaji haki ya ardhi

Miradi ya kujenga vijiji upya karibu na Kalemie huleta mambo yanayofanana: miche ya miti, mbegu, kisima, paneli za sola na jiko linalotumia makala kidogo. Vyote vina faida. Lakini kijiji hakitadumu kama swali moja halijajibiwa: ardhi ni ya nani?

Mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyopamba moto mwaka 2016 na 2017, yaliteketeza vijiji na kufukuza mamia ya maelfu ya watu katika jimbo la Tanganyika. Anayerudi kwao anaweza kukuta shamba lake linalimwa na mwingine. Mtwa naye, ambaye wazee wake waliishi kwa msitu, mara nyingi hulima kwa ruhusa ya jirani au kwa kibarua.

Asiyejua kama mwaka ujao atakuwa palepale hapandi mwembe. Anakata mti uliopo, anachoma makala na kuyauza mjini, kwa sababu watoto wanapaswa kula leo. Shida imezidi tangu Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2021 na tena 2024: wakaaji wa mitaa iliyoingiwa na maji nao wanatafuta kiwanja mahali pa juu.

Sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, lakini kijijini chifu ndiye anayegawa. Hata hivyo, vifaa viwili vipo. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wa mababu zao, hadi hekta 50.000, bila kuununua na bila kikomo cha muda. Gavana wa jimbo ndiye anayetia sahihi. Na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inatambua haki ya Watwa juu ya ardhi na mali asili wanazotumia tangu zamani.

Ugumu uko katika utekelezaji. Lazima mipaka itembelewe, ramani ichorwe, vijiji jirani vikubali. Kazi hiyo inataka pesa na muda. Tena, kama maombi yanaandikwa na wakubwa wa kijiji peke yao, Watwa watajikuta nje ya msitu wao wenyewe, safari hii kwa karatasi yenye muhuri. Huo utakuwa mwanzo wa ugomvi mpya.

Baraza za amani zinazokutanisha Watwa na Waluba zimekwisha kuundwa jimboni. Ziitwe kutembea mipaka pamoja, wanawake wakiwemo, kabla faili halijafika kwa gavana. Wafadhili nao walipie ramani kwanza, miche baadaye. Mwenye uhakika wa shamba lake hahitaji mradi wa kumfundisha kutunza mti.