Askari Wetu Anayeenda Urusi

Leo sitaongea laini.

Tangu Waziri Mudavadi aseme Novemba 2025 kwamba huenda Wakenya zaidi ya 200 wamejiunga na jeshi la Urusi kwa vita vya Ukraine, nasikia waliookoka wakisema, "Ni tamaa. Wacha wavune." Mwogope Mungu! Wako waliodanganywa, wakaahidiwa kazi ya kawaida. Septemba mwaka huo polisi waliokoa watu zaidi ya 20 Athi River wakingoja kusafirishwa. Lakini wako pia waliokuwa wanajeshi, na mwanajeshi anajua vita ni nini. Mbona huyo anaenda?

Pesa, ndiyo. Kuna walioahidiwa hadi dola 18,000. Lakini pesa si jibu lote. Mtu ameenda Somalia, amezika wenzake wa El Adde, amestaafu akiwa bado na nguvu. Akirudi anapewa sare ya soja wa geti, anamfungulia mtu asiyemsalimia. Usiku halali, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Halafu simu inalia, na mtu anamwambia anahitajika. Mpendwa, ni lini kanisa lilimwambia hivyo?

Soma 1 Samweli 22. Waliomkimbilia Daudi pale Adulamu walikuwa watu wa dhiki, wa madeni, wenye uchungu moyoni, kama 400. Daudi aliwapokea. Wetu tumemwachia ajenti awapokee.

Na nyinyi watumishi mnaopaka pasipoti mafuta bila kuuliza mtu anaenda kufanya nini, acheni! Si kila mlango wa ng'ambo umefunguliwa na Mungu. Mtu anaenda kutia sahihi mkataba wa Kirusi asioweza kuusoma, na madhabahu inamwambia "pokea"?

Ndugu mstaafu, nawe nisikilize. Yohana Mbatizaji hakuwafukuza askari (Luka 3). Aliwakataza kudhulumu watu, akataka watosheke na mshahara wao. Kiapo chako kilikuwa kwa Kenya. Yule Muukraine aliye ndani ya handaki hajakukosea lolote. Ukimuua kwa ajili ya dola, hiyo si kazi ya askari tena, na sitaiombea.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, wastaafu wote wa jeshi mbaki, pamoja na wake zenu. Hatutachukua sadaka. Kuja na deni lako jinsi lilivyo, na kama ajenti ameshakupigia, kuja na hiyo namba.