Mchujo urudi nyumbani na ugenini

CAF irudishe mechi mbili katika mchujo wa Kombe la Dunia: moja kwako, moja kwa mwenzako. Tunasema hivi tukijua vizuri kwamba mechi moja ndiyo iliyotubeba. Novemba 2025 timu nne bora kati ya zilizoshika nafasi ya pili katika makundi ya Afrika ziliitwa Rabat, mji usio wa yeyote kati yao, anayefungwa anafunga mizigo. Novemba 13 Chancel Mbemba aliifunga Kameruni bao pekee la mechi, dakika za majeruhi. Siku tatu baadaye tulitoka 1-1 na Nigeria, na penalti ya ushindi ikapigwa na Mbemba huyohuyo. Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, wakapata tiketi ya mchujo wa mabara nchini Meksiko. Furaha ile ni yetu na hatuirudishi.

Mfumo wa zamani ndio uliotuumiza. Machi 25, 2022, Stade des Martyrs, Kinshasa, Yoane Wissa aliipiga Moroko bao dakika ya 12. Kipindi cha pili Ryan Mmaee wa Moroko akakosa penalti, siku ikaonekana ni yetu. Dakika ya 76 Tarik Tissoudali akasawazisha. Wakati huo bao la ugenini bado lilikuwa na uzito wake, kwa hiyo Moroko ilibaki ikihitaji 0-0 tu kwao. Ikafanya zaidi ya hapo. Machi 29, Casablanca, tulichapwa 4-1, Azzedine Ounahi peke yake akifunga mawili. Letu likafungwa na Ben Malango. Mwaka haukuisha kabla Moroko hawajafika nusu fainali huko Qatar. Wapo wanaosema tuliuawa Casablanca. Sisi tunaona tiketi ilidondoka Kinshasa, dakika ile ya 76.

Hata hivyo kipigo kile hakina mjadala. Tulicheza kwetu, tukacheza kwao, dakika 180, mwenye nguvu akajulikana. Na tazama mchujo mzima wa mwaka ule. Senegal ilifungwa 1-0 Cairo, ikashinda 1-0 kwao Diamniadio, ikaitoa Misri kwa penalti. Kameruni ilifungwa Douala mbele ya watu wake, ikaenda Blida kuwakabili Aljeria na kushinda 2-1, Karl Toko Ekambi akifunga dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza. Kati ya timu tano zilizofuzu, mbili zilianza kwa kufungwa. Kwa utaratibu wa Rabat zingekuwa uwanja wa ndege zikisubiri safari.

Sisi wenyewe tuna deni kwa marudiano. Agosti 1973 Zaire ilifungwa 1-0 na Ghana huko Accra. Mwezi huohuo, Kinshasa, Ghana ikapigwa 4-1. Bila mechi ile ya pili tusingeingia Kombe la Dunia la 1974, nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Watu wanazikumbuka tisa za Yugoslavia. Njia tuliyopita hadi kufika mbele ya Yugoslavia haizungumzwi.

Atauliza mtu: nyinyi wa Goma hilo linawahusu nini? Swali ni la haki. Stade des Martyrs iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Barabara ya kutufikisha huko hakuna. Ndege za abiria zilikoma Januari 2025, vita vilipoingia mjini na M23 wakauchukua. Kwa shabiki wa Birere au Ndosho, Kinshasa na Rabat zote ziko kwenye televisheni, umeme ukiwepo. Mashindano makubwa ya Afrika yalipotukaribia zaidi ilikuwa CHAN ya 2016, mechi zilipochezwa Rubavu, mwendo wa miguu kutoka mpakani. Na Leopards wenyewe walikuwa Huye na Kigali, ambako walichukua kombe.

Linatuhusu sana. Februari 7, 2024, Abidjan, kabla ya nusu fainali ya CAN dhidi ya Côte d'Ivoire, wimbo wa taifa ulipopigwa wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na mwingine wakauweka kichwani mfano wa bunduki. Walikuwa wanaisemea Kivu, wakiionyesha dunia watu wanaouawa na wengine wanaonyamaza. Timu iliyosimama hivyo kwa ajili yetu ina haki ya kusimama mbele ya watu wake siku ya mchujo, na sisi tunayo haki ya kusikia jukwaa zima la Kinshasa likiuimba wimbo ule. Mkongomani wa Goma asiyeweza kupanda ndege anawakilishwa na yule aliyeketi pale. Rabat hakukuwa na jukwaa la kumwakilisha, na ni wangapi kutoka nchi hii wenye uwezo wa kulipa viza, ndege na hoteli kwa mechi mbili?

Hoja ya usalama ipo. Machi 2022 mashabiki walivamia uwanja Abuja baada ya Nigeria kutolewa, na Diamniadio wachezaji wa Misri walimulikwa mionzi ya leza machoni. Wanaofanya hivyo waadhibiwe, uwanja ufungwe, shirikisho litozwe faini. Kumnyima kila mtu mechi ya nyumbani kwa kosa la wachache ni adhabu kwa wasiokosa.

Ratiba nayo ni finyu, tunakubali. Basi nusu fainali ibaki mechi moja, ichezwe kwa timu iliyokusanya pointi nyingi zaidi kundini, na fainali pekee iwe ya kwenda na kurudi. Hizo ni tarehe tatu badala ya mbili za Rabat, na tarehe moja haiwezi kuwa mzigo usiobebeka. Bao la ugenini lisirudi. Ulaya walilifuta 2021 na walifanya vyema. Mabao yakilingana ziongezwe dakika 30, kisha penalti.

Kwa FECOFA, shirikisho letu la soka, tuna ombi moja. Kabla kanuni za kufuzu kwa 2030 hazijafungwa, ipeleke pendekezo hili CAF kwa maandishi, na ipite kwanza Yaoundé, Abuja na Libreville kutafuta sahihi za wale watatu waliokwenda Rabat pamoja nasi.