FAIDA YA HISA: TUIKAGUE KABLA YA KUNUNUA



Mwisho wa mwezi uliopita mzee mmoja wa kazi ya njia ya reli pale Ruiru alikuja kwetu na swali. Amebakiza miezi michache astaafu. Ana akiba kidogo, na kijana mmoja wa mtaani amemwambia anunue hisa za kampuni fulani kwa sababu "inalipa kuliko zote." Mzee akauliza: "Mwanangu, nikinunua hizo nitapata kitu kila mwaka, hata mambo yakiharibika?"

Swali hili si lake peke yake. Twalisikia ndani ya treni ya asubuhi, na twalisikia milangoni mwa viwanda vya Thika siku ya mshahara. Kwa hiyo twaona yafaa kulijibu hapa waziwazi.

Sisi wa reli tunajua kwamba kazi haina ahadi. Mwaka 2006 shughuli za reli zilikabidhiwa kampuni ya binafsi kwa mkataba, na maelfu ya wafanya kazi wakapunguzwa. Mwaka 2017 mkataba huo nao ukavunjwa. Basi mtu akitafuta shilingi ya pili isiyotegemea nguvu za mikono yake, asichekwe. Lakini aelewe anachonunua.

Hisa ni kipande cha kampuni. Mgao ni ile sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, na hisa huuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954. Sasa shika neno hili: mgao si mshahara. Mwajiri asipolipa mshahara, Chama humpeleka mahakamani. Wakurugenzi wakisema mwaka huu hakuna mgao, mwenye hisa hana la kushtaki. Atarudi nyumbani mikono mitupu.

Mambo hayo yametokea, tena kwa kampuni kubwa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Benki ya Equity ilikuwa imekwisha kutangaza mgao wa Sh. 2/50 kwa kila hisa. Mwezi wa Mei ikaufuta. Benki ya KCB haikutoa mgao kwa mwaka 2023. Kampuni ya umeme, Kenya Power, ilikaa miaka kadhaa bila kutoa hata senti, mpaka ilipotoa senti 70 kwa mwaka ulioishia Juni 2024. Hizi si kampuni za vibandani. Aliyekuwa ametegemea mgao huo kulipa karo alifanya nini?

Hata hapa kwetu mfano upo. Kakuzi, kampuni ya mashamba ya Makuyu kando ya njia yetu ya reli, ilitoa Sh. 24/- kwa kila hisa mwaka 2022, na Sh. 24/- tena mwaka 2023. Mwaka 2024 ikapata hasara, na mgao ukashuka hadi Sh. 8/-. Shamba lategemea mvua na bei za ng'ambo. BAT, inayojulikana Thika kwa kiwanda chake cha majani ya tumbaku, ilitoa Sh. 57/- mwaka 2022, kisha Sh. 50/- mwaka 2023 na Sh. 50/- mwaka 2024. Ilishuka lakini haikuanguka. Hata hivyo tumbaku ina kodi nzito na magendo mengi, na wengine wetu dhamiri zao haziwaruhusu kula faida ya sigara. Hilo kila mtu aamue mwenyewe.

Basi tuchague vipi? Fundi wa mabehewa haangalii rangi ya behewa. Hupiga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza mlio. Nasi tupige nyundo mara nne.

KWANZA, tazama miaka mibaya. Usiulize mwaka jana walitoa ngapi. Uliza walitoa nini mwaka 2020, na walitoa nini walipopata hasara. Soma mgao wa miaka kumi, si wa mwaka mmoja. Kampuni inayotoa kidogo kila mwaka yamfaa mstaafu kuliko ile inayotoa kingi leo na kunyamaza miaka mitatu.

PILI, linganisha mgao na faida. Kampuni ikipata faida ya Sh. 4/- kwa kila hisa na kugawa Sh. 2/-, imebakiza nusu ya kujikinga. Ikipata Sh. 2/- na kugawa Sh. 2/50, hiyo nusu shilingi imetoka wapi? Imetoka katika akiba au katika mkopo, na haiwezi kutoka hivyo siku zote.

TATU, tazama madeni. Benki hulipwa kabla ya mwenye hisa. Mumias Sugar iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2001 kwa Sh. 6/25, na watu wakala mgao wake miaka mingi. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyoidai, na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Wenye hisa walibaki na majina katika daftari tu.

NNE, jihadhari na mgao mnono kupita kiasi. Hapa ndipo wengi huumia, na hapa ndipo penye jibu la yule mzee. Tuseme hisa ni Sh. 20/- na mwaka jana mgao ulikuwa Sh. 2/-. Hiyo ni kumi kwa mia. Wenye habari wakiona kampuni inaugua, huuza, na bei hushuka hadi Sh. 10/-. Sasa kijana wa mtaani atakwambia, "Hii inalipa ishirini kwa mia!" Lakini ile Sh. 2/- ni ya mwaka jana. Ya mwaka huu haijatangazwa, na labda haitatangazwa kamwe. Mara nyingi mgao huonekana mkubwa kwa sababu bei imeanguka, wala si kwa sababu kampuni ni njema.

Neno jingine ni la mkopo. Mwaka 2008 Safaricom iliuza hisa kwa Sh. 5/-. Nchi nzima ilipiga foleni, na wengi walikopa. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa chini ya Sh. 5/-, na baadaye ikashuka hata chini ya Sh. 3/-. Mgao wa mwaka ulioishia Machi 2009 ulikuwa senti 10. Aliyekopa alilazimika kuuza kwa hasara ili alipe benki. Aliyenunua kwa fedha zake alingoja. Mwaka 2020 mgao ulifika Sh. 1/40, na miaka ya 2023, 2024 na 2025 ukawa Sh. 1/20 kila mwaka. Mwenye hisa 1,000, aliyetoa Sh. 5,000/- mwanzoni, alipata Sh. 1,200/- kwa mwaka. Serikali ilikata kodi ya tano kwa mia, akabaki na Sh. 1,140/-. Hisa zilikuwa zile zile kwa wote wawili. Mmoja alikuwa na deni, mwingine alikuwa na subira.

Kwa hiyo twashauri hivi. Lipa madeni kwanza. Weka katika Sacco au benki fedha za kutosha chakula na kodi ya nyumba kwa miezi michache. Kinachobaki ndicho cha hisa, nacho usikiweke chote katika kampuni moja wala katika biashara ya aina moja. Weka kidogo katika benki, kidogo katika kiwanda, kidogo kwingine. Anayekaribia kustaafu na asiye na miaka ya kungoja, aweke sehemu kubwa katika hati za dhamana za Serikali, ambazo riba yake hujulikana tangu siku ya kwanza. Hisa ziwe kitoweo, zisiwe ugali.

Ukinunua, pitia kwa wakala mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Usimpe fedha mtu wa barabarani, hata kama mwasali kanisa moja. Hata wenye leseni wachunguzwe: mwaka 2007 na 2008 baadhi ya mawakala walianguka na wateja wakalia. Omba taarifa ya akaunti yako ya hisa mara kwa mara, uhesabu mwenyewe. Ujue siku ya kufunga daftari, kwa maana jina lisilokuwamo siku hiyo halipati mgao. Tena umwambie mkeo au mumeo una hisa gani. Migao mingi imekaa bila wenyewe, mpaka kwa sheria ya mwaka 2011 ikapelekwa kwa mamlaka inayotunza mali isiyodaiwa, huku wajane na watoto wakihangaika bila habari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho tuseme neno la Chama. Faida inayogawanywa hutoka katika jasho la mtu. Mgao na mshahara hutoka katika sanduku moja. Tusije tukashangilia mgao mkubwa tusiulize kama umepatikana kwa kuwafukuza wenzetu au kuwanyima nyongeza. Mwenye hisa, hata akiwa na chache, ana haki ya kuingia mkutano wa mwaka na kuuliza. Mfanya kazi mwenye hisa aulize juu ya wafanya kazi. Wala mtu asidhani kwamba kwa kuwa ana hisa mia moja amekuwa tajiri na Chama hakimhusu. Hisa mia za Safaricom zilileta Sh. 120/- kwa mwaka mzima, kabla ya kodi. Nyongeza ya mshahara iliyopatikana kwa umoja hushinda hiyo kwa mwezi mmoja.

Yule mzee tulimwambia asinunue za kijana wa mtaani. Alirudi Ruiru na karatasi ya maswali manne, akasema atamsomea kijana huyo. Nanyi msomeeni wenu.

Umoja ni Nguvu.

MHARIRI