MSHAHARA UINGIE NYUMBANI, VUMBI LIBAKI KAZINI

Ndugu mtumikaji, siku machimbo yatakapofungwa utapakia vitu vyako na kuondoka. Udongo hautaondoka. Watoto wako watalima humo.

Tazama Lubumbashi. Tanuru yake ilianza kuyeyusha shaba mwaka wa 1911. Kwa karibu miaka 80 upepo ulipeleka moshi upande wa Penga Penga. Miti ikakauka, mvua ikachukua udongo, mahali pengi pakabaki bila hata majani. Moshi ulikwisha, lakini shaba, risasi na arseniki zimo udongoni mpaka leo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kutia chokaa na mbolea, na kupanda majani na miti inayovumilia shaba. Ni kazi ya miaka mingi. Kuharibu ni upesi, kuponya ni polepole.

Sheria ya migodi ya 2002, iliyogeuzwa mwaka wa 2018, inaagiza kampani kutengeneza ardhi iliyochimbwa na kuweka dhamana ya fedha kwa kazi hiyo. Kwa maoni yetu, kampani isingoje siku ya mwisho. Ipande miti sasa, izuie maji machafu sasa.

Lakini tusiwatupie wakubwa mzigo wote. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2009 ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Katanga wanaokaa karibu na machimbo na viwanda, na watoto kuliko wazazi. Watoto hao hawashuki shimoni. Vumbi ndilo linalowafuata nyumbani, nao wanalila kwa mikono yao.

Basi, baba, oga kazini kabla ya kurudi. Acha huko nguo na viatu vya kazi. Kama hakuna mahali pa kuogea, usinyamaze: mwambie delege wako apeleke neno kwenye kamati ya usalama. Kuomba maji si uasi.

Nawe mama, kama nguo za kazi zinafika nyumbani, usizikung'ute uani. Zifue peke yake, mbali na nguo za mtoto. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Osha lengalenga vizuri, na mikono ya kila mtoto kabla ya bukari.

Shaba itakwisha siku moja. Tuwaachie watoto udongo unaootesha na damu iliyo safi.