WAKALA AWE MTU WA KAZI, SI JINA LA KUKODI

Ndugu wafanyakazi wa migodi na wananchi wa Kolwezi!

Mgeni mwenye mashine na ufundi wake, akitaka kazi za kandarasi migodini, lazima atafute kwanza Mkongomani wa kushirikiana naye. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kwamba kandarasi hizo ni za makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani.

Sheria hii ni njema. Lakini mahali serikali inaposhika mlango wa biashara, mgeni hatafuti mwenye duka. Hutafuta mwenye kujuana na bawabu.

Haya tumekwisha kuyaona. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitakuwa mali ya Wazaire. Wengi waliozipata hawakuwa wauzaji. Walikuwa wakubwa wa chama na jamaa zao. Waliuza vilivyokuwamo, wakashindwa kuagiza vingine, maana viwanda vya ng'ambo vilimkopesha mwenye duka wa zamani kwa kumwamini, na huyu mpya havikumjua. Rafu zikabaki tupu. Mwaka 1976 serikali iliwaita wageni warudi kuchukua sehemu kubwa ya mali zao. Nani aliumia? Mama aliyekwenda dukani akarudi na kikapu kitupu.

Basi tusidanganywe na makaratasi. Wakala wa kweli ana bohari, na ndani mna vipuri. Ana mafundi wa kuvifunga na daftari la hesabu. Mashine ikiharibika usiku, nyumba yake inajulikana. Jina la kukodi lina muhuri na mkoba tu: hupokea fungu lake, na mgeni yule yule hufanya kazi yote nyuma ya pazia.

Kwa hiyo tunadai: mamlaka ya kandarasi, ARSP, iende kuona bohari, isitosheke na kusoma karatasi. Majina ya wenye hisa yatangazwe hadharani. Vijana wetu waandikwe kazi na wafundishwe ufundi.

Nanyi wafanyabiashara wa mji, unganisheni mitaji yenu, tunzeni hesabu safi, ili mgeni asipate sababu ya kusema kwamba hakumwona mwenyeji.

Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ni sisi sote, si mtu mmoja mwenye muhuri!