Tugawanye bei ya safari, tusigawe namba zetu za simu

Wandugu na wadada, kila wiki tunasoma ujumbe wa namna moja mu grupu zetu za WhatsApp: "Nani anaenda Kolwezi kesho? Tuko wawili, tunatafuta wengine wawili." Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme gari ya kukodi kutoka Lubumbashi inaomba dola 100: mutu mumoja anazibeba zote, watu wanne kila mumoja anatoa 25. Kwa kijana mwenye diploma na hana kazi, anayetaka kupeleka dosie yake ku kampuni ya mine, tofauti hiyo njo inaamua kama atasafiri ao atabakia nyumbani.

Kwa hiyo tunaunga mukono vijana wanaotaka kujenga programu ya intaneti ya kutafutia watu wa kusafiri pamoja. Wazo si geni: kule Ufaransa, BlaBlaCar ilianza 2006. Vijana wetu wamesoma infomatiki, kazi hiyo wanaiweza. Lakini tusikopi tu. Huku kwetu, kutangaza mbele ya watu wote saa ya kutoka na njia utakayopita ni kama kuita wezi. Dada akiweka namba yake mu grupu, kila mutu wa grupu anaiona. Na sisi wanaharakati tunajua: liste ya nani anaenda wapi na siku gani, ikianguka mu mikono mibaya, ni hatari.

Juu ya ile tunaomba mambo ine.

Moja: namba ya simu ionekane tu kisha pande zote mbili kukubaliana.

Mbili: safari ikiisha, habari zake zifutwe. Sheria ya numeriki ya 2023 inalinda habari za mutu binafsi. Programu yetu iiheshimu toka siku ya kwanza.

Tatu: dada aweze kuchagua kusafiri na wadada tu, na kila abiria aweze kutumia ndugu yake namba ya plaki mbele gari haijatoka.

Ine: ifunguke hata mu simu ya bei ndogo, bila kumaliza mega.

Wengine watasema tunanyanganya mashofere mukate. Hapana. Shofere anayengoja mu parking paka gari ijae anapoteza saa nyingi. Programu itamuletea abiria waliokwisha kujikusanya. Lakini waitwe kuzungumuza toka mwanzo, si kisha kila kitu kuisha.

Na serikali isifikiri itapumzika. Katiba yetu, artikle 30, inatupa haki ya kutembea kwa uhuru mu inchi yetu. Programu haiwezi kuziba mashimo ya barabara, wala kuondoa bariere zisizo na sheria. Hiyo kazi ni ya wakubwa, na tutaendelea kuwadai.

Wewe unayejua kuandika programu, wewe shofere, wewe dada unayesafiri kila mwezi: leteni mawazo. Tuanze na njia moja tu, Lubumbashi–Likasi–Kolwezi. Ikitembea vizuri, tutaongeza zingine.