Tusimdharau mbawakawa wa unga

Muhula uliopita nilimpa mwanafunzi wangu wa somo la tafsiri makala mafupi ya sayansi ayafasiri kwa Kiswahili. Makala yenyewe yalihusu mbawakawa. Aliporejesha kazi yake, mbawakawa alikuwa amegeuka mende tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, si wote ni wadudu tu?"

Sisemi, kama wanavyodai baadhi ya wanaisimu wenzangu, kwamba asiye na jina la kitu hawezi kukiona. Nasema tu kwamba ni nadra ajisumbue kukichunguza. Na mbawakawa aliyetajwa katika makala yale anastahili kuchunguzwa.

Ni yule mdogo mwekundu-kahawia, wa urefu wa milimita tatu au nne, ambaye mama zetu humchekecha kutoka kwenye unga na kumtupa jaani. Kitaalamu huitwa Tribolium castaneum. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, Thomas Park alitumia miaka mingi kumfuga pamoja na jamaa yake, Tribolium confusum, katika chupa za unga. Alibaini kwamba mwishowe spishi moja huimaliza nyingine, na kwamba joto na unyevu huchangia kuamua mshindi. Mwaka 1948 alionyesha kuwa kimelea kidogo mno chaweza kuugeuza ushindi huo.

Shuleni tumezoea kufundisha urithi kwa mfano wa nzi wa matunda. Nzi huyo ana heshima yake, ila katika mambo kadhaa hawawakilishi wadudu wengi. Buu lake halina miguu, na kichwa chake kimejikunja ndani ya mwili. Pingili za kiinitete chake hupangwa karibu zote kwa pamoja. Mbawakawa wa unga huziongeza nyingi moja baada ya nyingine kuelekea nyuma, na buu lake lina miguu sita na kichwa dhahiri. Isitoshe, mtafiti akimdunga mama RNA ya nyuzi mbili inayolingana na jeni fulani, jeni hiyo hunyamazishwa hata katika watoto wake. Wapo wanaotumia maarifa hayo kutafuta dawa itakayomlenga mdudu mmoja mharibifu na kuwaacha nyuki salama. Kwa nchi ambayo mahindi yake huliwa ghalani, hilo si jambo la anasa. Jenomu ya kiumbe huyu ilichapishwa mwaka 2008, ya kwanza miongoni mwa mbawakawa, kundi lenye takriban robo ya spishi zote za wanyama zilizokwisha kupewa majina.

Elimu hii haiko ng'ambo tu. Pale Kasarani, Nairobi, kipo kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoasisiwa na marehemu Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Makao yake huitwa Duduville. (Hata wataalamu, basi, wameridhika na "dudu"!)

Najua baadhi ya walimu watasema shule zao hazina maabara. Kazi hii yahitaji chupa mbili za jemu, unga wa ngano uliotiwa hamira kidogo, vitambaa vyepesi vya kufunika midomo, na mbawakawa kumi kumi kutoka ghala ya shule. Kwa joto la nyuzi 30 hivi, kizazi kimoja huchukua takriban mwezi. Chupa moja iwekwe mahali pa joto na nyingine penye ubaridi, kisha wanafunzi wahesabu kila Ijumaa na kuandika. Mwalimu wa Kiswahili naye aalikwe siku ya kwanza kabisa, awatenganishie wanafunzi mbawakawa, fukusi, dumuzi na mende kabla chupa hazijafungwa.